Saratani ya nyuzi za sauti: "hatua ya awali" si hesabu ya siku

Kuna kauli nimeisikia mara nyingi mno, vibarazani, kwenye vikao vya familia na hata redioni: "Saratani yake bado ya mapema, wameigundua mwezi uliopita tu." Anayesema hivyo ana nia njema, anataka kuwatuliza ndugu. Lakini amechanganya mambo mawili, na mchanganyo huo huwaponza wagonjwa. Wapo wanaokimbia tiba ambayo ingewaponya, na wapo wanaodai tiba wasiyoihitaji.

Maana yenyewe ni fupi. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili iliyomo ndani ya zoloto, pale shingoni panapochomoza kwa wanaume. Tukivuta pumzi huachana, tukisema hukutana na kutetema. Saratani ya hapo karibu kila mara huanzia kwenye utando wa juu wa mikunjo hiyo, na chanzo chake kikuu ni tumbaku, pombe ikiongeza hatari. Ikiwa ingali kwenye nyuzi zenyewe, au imevuka kidogo tu juu au chini yake, bila kufika kwenye tezi za shingo wala sehemu nyingine ya mwili, huitwa ya hatua ya awali. Ni hatua ya 1 na ya 2.

Sasa, neno "awali" hapo halihesabu siku. Mtu anaweza kugunduliwa leo asubuhi akakutwa na hatua ya 4. Mwingine sauti imemkauka miezi mingi na bado yuko hatua ya 1. Hatua hupima ugonjwa umefika wapi, haiulizi umejulikana lini. Madaktari huandika uenezi wa uvimbe kwa herufi T: T1a ukiwa kwenye uzi mmoja, T1b ukiwa kwenye nyuzi zote mbili, na T2 ukishavuka kwenda juu au chini ya nyuzi, au uzi ukianza kutembea kwa uzito. Uzi ukiganda kabisa, hiyo ni T3, na hapo hatuzungumzii tena hatua ya awali. Ndiyo maana daktari wa masikio, pua na koo akishapitisha kamera nyembamba puani humwambia mgonjwa aseme "iii". Haangalii uvimbe peke yake. Anaangalia kama uzi unatembea. Uvimbe mdogo kwenye uzi ulioganda ni habari mbaya kuliko uvimbe mpana kwenye uzi unaocheza vizuri.

Daraja nalo lisichanganywe na hatua. Daraja linatokana na hadubini na hueleza sura ya seli zilivyoharibika. Mtu aweza kuwa na daraja baya katika hatua nzuri.

Historia ina mfano ambao kila mara hunirudisha kwenye jambo hili. Januari 1887, Friedrich, mrithi wa kiti cha Ujerumani, alianza kukauka sauti. Alikuwa na madaktari ambao mtu wa kawaida asingewaota, na uvimbe kwenye uzi wa sauti ulionekana mapema sana. Mei mwaka huo wapasuaji wa Berlin walikuwa tayari kumfungua zoloto. Morell Mackenzie, daktari aliyeitwa kutoka London, akataka kinyama kipimwe kwanza. Rudolf Virchow, bingwa wa kupima vinyama kwa hadubini, akavipima vipande alivyoletewa, hakuona saratani, na upasuaji ukasimamishwa. Ugonjwa haukusimama. Februari 1888 alitobolewa shingo apate kupumua, Machi akawa Kaizari, na Juni 15 akafariki akiwa ametawala siku 99. Sitaki kuwahukumu madaktari wale. Upasuaji wa namna ile enzi hizo ungeweza kumuua mezani. Ila kwa kalenda huyu aliwahiwa kuliko wagonjwa karibu wote wa zama zake, na kuwahiwa huko hakukumfaa kitu kwa sababu hatua iliendelea kupanda huku watu wakibishana. Kipande kidogo cha nyama kikitoka bila saratani na sauti isitengemae, kipimo hurudiwa. Sheria hiyo iko hai hadi leo.

Kosa la pili ni kuita kila kitu "saratani ya koo". Saratani ya umio, inayosumbua sana Afrika Mashariki, ni ugonjwa mwingine kabisa: huziba njia ya chakula na mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshakwenda mbali. Saratani ya koromeo nayo ina tabia zake. Ya nyuzi za sauti ina bahati mbili ambazo nyingine hazina. Kwanza, hata uvimbe mdogo huzuia nyuzi zisikutane sawasawa, hivyo sauti huharibika upesi na mtu hupata onyo. Pili, mishipa ya limfu kwenye nyuzi ni michache sana, kwa hiyo katika T1 ni nadra ugonjwa kufika kwenye tezi za shingo. Ndugu anayesikia "koo" tu humfikiria jirani aliyefariki kwa umio, akaona hakuna maana ya kutafuta nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Hilo ndilo linaloniuma.

Bahati hizo mbili ndizo zinazofanya tiba moja itoshe. Kuna mionzi, na kuna upasuaji wa kupitia mdomoni, mara nyingi kwa leza, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi. Huchaguliwa moja. Anayeuliza "mbona hawampi zote mbili, na kemo juu?" anadhani wingi wa tiba ndio uzito wa huduma. Kwa hatua ya 1, dawa za kemikali hazina kazi hapo, na kuunganisha mionzi na upasuaji tangu mwanzo ni kumwongezea mgonjwa madhara bila faida.

Mionzi hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa takriban wiki 6. Utafiti wa Osaka, Japani, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba dozi ya gray 2.25 kila siku (gray ni kipimo cha mionzi) ilidhibiti ugonjwa kwa asilimia 92 katika miaka 5, dhidi ya asilimia 77 kwa dozi ya gray 2. Tofauti ya robo gray kwa siku, na tiba inamalizika mapema zaidi! Koo huwaka, kumeza huuma na ngozi ya shingo huwa nyeusi, kisha hayo hupoa. Leza humalizwa kwa kulazwa mara moja katika visa vingi, inaweza kurudiwa, na inaacha mionzi ikiwa akiba kama ugonjwa ukirudi. Mionzi, kwa kawaida, haipigwi mara mbili mahali pamoja. Ila leza inahitaji mpasuaji aliyeizoea na zoloto linaloonekana vizuri kupitia mdomoni, na uvimbe uliokaa mbele kabisa, pale nyuzi mbili zinapoungana, humtesa mpasuaji. Kwetu, mionzi ndiyo inayopatikana zaidi: Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza, Kenyatta Nairobi, taasisi ya saratani ya Mulago, Kampala.

Matokeo ya njia hizi mbili yanakaribiana. Kwa T1, ugonjwa hudhibitiwa kwa wagonjwa takriban 85 hadi 95 kati ya 100. Kwa T2 idadi hiyo hushuka, mara nyingi kuelekea 70 hadi 80. Ukirudi, wengi bado huokolewa kwa upasuaji. Kutolewa zoloto lote na kupumulia tundu la shingoni, picha inayowatisha watu wengi, si tiba ya hatua hii. Sauti hurudi vizuri kwa wengi. Inayobaki na pumzi nyingi ni ya yule ambaye mpasuaji alilazimika kuchimba hadi kwenye msuli. Anayeendelea kuvuta sigara wakati wa mionzi anaipunguzia nguvu, na mapafu yake yanabaki hatarini hata zoloto likipona. Miaka 2 ya kwanza ndiyo ya kurudi kliniki bila kukosa, maana marudio mengi hutokea humo.

Basi ndugu yako akikwambia ana saratani ya koo "ya mapema", mwulize taratibu ni ya sehemu gani, ni T ngapi, na kama daktari aliuona uzi ukitembea. Na mwenye sauti iliyokauka kupita wiki 3 bila sababu, hasa mvutaji, asibadilishiwe dawa ya kikohozi kwa mara nyingine. Apelekwe akaangaliwe kwa kamera.