Mkanda wa tumbo: kiwango sahihi cha kubana ni kipi?

Mtu aliyefungwa mkanda wa tumbo ili apunguze uzito huwa na swali moja linalotangulia mengine yote: niwekewe mililita ngapi? Amesikia kwamba mwenzake aliyefanyiwa Muscat ana 6, yeye ana 4, na uzito wake umegoma. Basi anataka aongezewe zifike 6. Mambo huanza kuharibika hapo, kwa sababu mililita za watu wawili hazilinganishwi. Ipo mikanda inayojaa kwa mililita 4 tu, na ipo inayopokea 10 au hata 14. Tena mafuta yanayozunguka tumbo la chakula hayalingani kwa watu wote. Mililita 6 kwa mmoja hazimfanyi lolote, kwa mwingine zinamzuia hata kumeza maji.

Kifaa chenyewe ni pete ya silikoni. Daktari huizungusha sehemu ya juu kabisa ya tumbo la chakula, chini kidogo ya pale umio unapoishia, kwa upasuaji wa matundu madogo. Juu ya pete hubaki kifuko cha mililita 15 hadi 30 hivi, yaani kijiko kimoja au viwili vya mezani. Tumbo halikatwi wala utumbo haubadilishwi njia. Upande wa ndani wa pete una utando unaojazwa maji, na mrija mwembamba unatoka hapo hadi kwenye kidude cha mviringo kilichoshonewa kwenye msuli, chini ya ngozi ya tumbo. Kidude hicho madaktari hukiita poti. Maji yakiongezwa, pete inabana; yakitolewa, inalegea. Ni maji ya chumvi, yaleyale ya dripu.

Usiuchanganye mkanda na puto, ambalo huwekwa ndani ya tumbo, likakaa miezi kadhaa kisha likatolewa. Mkanda hukaa nje ya tumbo la chakula, umelizunguka, na hukusudiwa kukaa miaka. Daktari Lubomyr Kuzmak alianza kuutumia ule wa kujazwa maji Marekani mwaka 1986, na mwaka 1993 Mitiku Belachew, daktari mzaliwa wa Ethiopia, akaufunga kwa matundu madogo kule Ubelgiji. Marekani waliuidhinisha mwaka 2001. Siku hizi madaktari wengi wameuacha, wamehamia kwenye upasuaji wa kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, na sishangai, maana mkanda unahitaji kufuatiliwa maisha yote na si wachache waliorudi kuutoa. Ila waliokwisha kufungwa wapo, na hapa Tanga ukikutana na mmoja, aghalabu ni mtu aliyefungwa ughaibuni akarudi nao nyumbani. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Wengi hudhani kazi ya mkanda ni kuziba njia ili chakula kisipite. Wakiamini hivyo, basi kubana zaidi kutaonekana ni kupungua zaidi. Sivyo unavyofanya kazi. Ukiwa umebana sawasawa, kila tonge linapita lote: umio unalisukuma mara kadhaa, linapenya kidogokidogo kwenye pete, na linaweza kuchukua hadi dakika moja kumalizika. Linapopenya linagusa mishipa ya fahamu iliyo kwenye ukuta wa tumbo, nayo hupeleka habari kwenye ubongo kwamba chakula kimeingia. Ubongo unapunguza njaa. Kwa hiyo kinachotafutwa ni shibe ya mapema inayodumu saa kadhaa. Mkanda uliolegea hautoi shibe hiyo, na uliobana mno hautoi pia, kwa kuwa chakula kigumu hakifiki mahali pa kuitoa.

Katikati ya hali hizo mbili ndipo madaktari wanapopaita eneo la kijani. Paul O'Brien na wenzake wa Melbourne, Australia, wamekuwa wakiwafundisha wagonjwa kwa rangi tatu. Njano ni mkanda uliolegea: unakula sahani nzima, baada ya saa moja na nusu unazunguka jikoni unatafuta kachori, na mizani haisogei. Kijani ni pale unapotosheka kwa nusu kikombe hadi kikombe kimoja cha chakula, unakaa saa nyingi bila kusumbuliwa na njaa, unakula vyakula vya kawaida, na uzito unashuka taratibu, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Nyekundu nitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayodanganya watu.

Fundi baiskeli wa Ngamiani hakuulizi umepiga pampu ngapi. Anabinya tairi kwa kidole gumba, basi. Daktari anayejua mkanda naye atauliza mambo yanayoonekana kabla hajaigusa sindano. Unashiba kwa kiasi gani? Njaa inarudi saa ngapi? Kuna chakula kinachokwama? Unakohoa ukilala? Mwezi huu umepungua? Akijibiwa kwamba mtu anatosheka, hakwamwi na anapungua, hamwongezei hata tone, ingawa mgonjwa mwenyewe anaomba. Kwangu mimi daktari anayeongeza maji kila anapoombwa, bila kuuliza hayo, ni wa kuogopwa.

Tuone eneo la kijani linavyokuwa mezani. Mama mmoja wa Chumbageni, mchana wa Ijumaa, amewekewa wali wa nazi, changu wa kupaka na mchicha. Anaanza na samaki. Anamega kipande kisichozidi ukucha wa kidole chake cha mwisho, anakitafuna mpaka hakuna kinachogusa ulimi kama donge, anameza, kisha anauweka mkono chini na kusubiri. Haharakishi. Baada ya dakika ishirini hivi amekula changu wake karibu wote, mchicha, na wali kidogo sana, na hamu imemtoka. Hajajaa hadi kooni, hasikii maumivu, ila hataki tena.

Sasa anaingia mkwe wake. "Mama, mbona hujala? Ongeza kidogo, au sikukipika vizuri?"

"Umepika vizuri mwanangu, nimetosheka."

"Haya, tonge mbili tu, kwa ajili yangu."

Tonge hizo za heshima ndizo zinazokwama. Kifua kinabana, mdomo unajaa mate ya utelezi, mama anainuka mkekani haraka, na anaporudi amecheua kila kitu. Mkanda wake hauna kosa. Kilichozidi ni tonge mbili na haraka. Ndiyo maana kukwama mara mojamoja, kwa sababu unayoijua, si ushahidi kwamba umebanwa kupita kiasi. Ushahidi ni kukwama karibu kila siku ilhali unakula polepole na kutafuna vizuri.

Nyekundu, basi. Mtu ameomba nyongeza, amepewa, na wiki ya kwanza anafurahi kwa sababu hali chochote. Mkate mweupe unagoma. Ule laini wa asubuhi hugeuka donge na ni adui mkubwa kuliko mkate mkavu. Chapati inagoma, mishikaki inagoma, pweza hata wa kuchemshwa asubuhi kutwa hapiti, na nyuzi za machungwa ya Muheza zinanasa. Mwili unatafuta njia, nao unaipata: chai ya maziwa yenye sukari, uji wa ulezi uliokolezwa, juisi ya miwa, aiskrimu, halua. Hivyo vyote vinateleza kwenye mkanda uliobana kana kwamba haupo. Havishibishi, vina nishati tele, na mtu hunywa na kulamba kutwa nzima.

Mizani inapanda. Mwenye mkanda anasema kwa ukweli kabisa, "Sili kitu jamani, na nanenepa." Nyumbani wanadhani anakula kwa kificho. Yeye mwenyewe anadhani mkanda umelegea, anarudi kuomba nyongeza nyingine, na akikutana na mtu asiyeuliza, anaongezewa. Dawa yake ilikuwa kutolewa maji. Akilegezwa anaweza tena kula samaki, mbaazi na mboga, anashiba kwa chakula kigumu, na uzito unaanza kushuka. Watu hawaamini mpaka wayaone: mkanda ulegezwe, mtu apungue.

Na kunenepa ndiyo hasara ndogo. Mkanda unaobana kwa muda mrefu hutanua kile kifuko cha juu, na unaweza kuutanua umio wenyewe. Kutapika mara kwa mara kunaweza kuusogeza mkanda kutoka mahali pake. Chakula kinachobaki juu hurudi kooni ukilala, ukaamka unakohoa, na kikiingia mapafuni kinaleta nimonia. Kwa hiyo kikohozi cha usiku, kiungulia kisichokuwepo zamani na mito mitatu kitandani ni habari za kumpelekea daktari, hata kama mchana unakula vizuri. Ukifika hatua ya kutoweza kumeza maji wala mate yako mwenyewe, au ukapata maumivu makali ya tumbo yasiyoacha, hiyo ni dharura ya siku ileile. Mkanda ulegezwe, na uwaambie unao, kwa sababu anayekupokea huenda akadhani ni vidonda vya tumbo.

Kiwango kilichokufaa Januari si lazima kikufae Juni. Ukipungua, mafuta yaliyozunguka tumbo la chakula hupungua nayo, na mkanda unakuwa mpana bila maji kutoka. Hapo nyongeza ndogo ina haki yake. Kwa siku mojamoja pia unabadilika: wengi huuona umekaza asubuhi na kulegea jioni, kwa hiyo kifungua kinywa chao ni chai isiyo na sukari au mtindi, chapati ikisubiri. Wanawake wengine huuona umekaza wakikaribia hedhi, wengine wakiwa na wasiwasi mwingi, wengine baada ya safari ya ndege. Usikimbilie sindano kwa ajili ya siku mbili mbaya. Mimba ni jambo jingine. Mama akitapika au mtoto akihitaji chakula zaidi, mkanda hulegezwa, na kurudi njano kwa miezi hiyo si kushindwa.

Ramadhani inataka maneno yake. Mtu ameshinda kutwa bila maji, ana njaa, na mbele yake kuna muhogo wa nazi, magimbi na tambi. Vyakula vyenye wanga unaonata, vikimezwa kwa pupa, havikosi kukwama. Hapa mazoea ya wazee yanafaa sana: maji mafunda machache, tende iliyotafunwa mpaka ikayeyuka, kisha kuswali Magharibi, ndipo kurudi kwenye futari. Mwanya huo unatosha kuituliza pupa. Maji ya kuurejesha mwili yanywewe baina ya futari na daku, si juu ya chakula, kwa kuwa kushushia tonge kwa maji huliosha lipite haraka na shibe huondoka nalo. Nisingemshauri mtu aongezewe maji ya mkanda siku chache kabla ya mwezi kuandama. Ajaribu kiwango kipya anapoweza kunywa mchana. Mwenye kisukari azungumze na daktari wake mapema, maana uzito ukishuka dozi ya zamani ya insulini au vidonge inaweza kuwa kubwa mno, hata nje ya Ramadhani.

Kurekebisha kwenyewe hakuchukui muda. Mara ya kwanza hufanywa wiki 4 hadi 6 baada ya upasuaji, kidonda kikishatulia. Unalala chali, unaambiwa uinue kichwa au miguu kidogo ili msuli wa tumbo ukaze, na daktari anaitafuta poti kwa vidole. Anasafisha ngozi, anachoma sindano maalumu ambayo ncha yake haikwangui mpira wa poti. Ya kawaida inaweza kuutoboa ukavuja, na mkanda unaovuja haushiki kiwango chochote. Anaweza kuyavuta maji yaliyomo kwanza ahakikishe yanalingana na kiasi kilichoandikwa kwenye kadi yako ya mkanda. Miezi ya mwanzo huongeza nusu mililita hadi moja, baadaye sehemu ndogo zaidi, wakati mwingine moja au mbili ya kumi ya mililita, na tofauti husikika. Kisha unakaa wima na kunywa glasi ya maji. Yakishuka bila kishindo, sawa. Yakisimama kifuani au kurudi, anayapunguza ya kwenye mkanda hapohapo. Pengine hutumia eksirei huku ukimeza dawa nyeupe ili aione njia kwa macho. Siku moja au mbili baada ya hapo ni vinywaji, kisha vyakula laini, kisha chakula cha kawaida.

Kwa mtu wa Tanga, ugumu uko kwenye safari. Usidhani kila hospitali ina sindano hiyo au mtu aliyewahi kuishika. Piga simu kwanza, uliza kwa jina la mkanda wako. Beba karatasi yenye aina ya mkanda, ujazo wake wa juu, tarehe ya upasuaji, kiasi kilichomo sasa na tarehe kilipowekwa. Ukilazimika kwenda Dar es Salaam, ni kilomita zipatazo 350, na hapo ndipo wengi hujitafutia taabu: wanarekebishwa saa sita, saa nane wako kwenye basi. Tumbo linaweza kuvimba kidogo baada ya sindano, na mkanda uliopitisha maji vizuri mchana ukaziba usiku, ukiwa umeshafika Segera. Lala mjini kwa ndugu usiku mmoja. Asubuhi kunywa maji, subiri, kunywa uji mwepesi, subiri tena. Vikipita vyote ndipo ukakate tiketi, na visipopita daktari bado yuko karibu.