Piramidi Huanzia Majini: Kuisoma Ramani ya Maziko ya Wafalme wa Misri

Ninapofundisha ramani ya eneo la piramidi, huwaomba wanafunzi waifunike kwanza piramidi yenyewe kwa kiganja. Kinachobaki kwenye karatasi ndicho ninachotaka kukieleza hapa, kwa sababu mgeni anayefika Giza, karibu na Cairo, siku hizi hushushwa na gari juu kabisa ya uwanda wa mawe, karibu na piramidi ya Khufu, yaani mahali ambapo safari iliyokusudiwa na wajenzi ilikuwa inaishia. Wao walianza chini, kwenye maji.

Katika nasaba (mfululizo wa wafalme wa ukoo mmoja) ya 4 na ya 5, lango la eneo lote lilikuwa hekalu la bondeni, lililojengwa ukingoni mwa mashamba, mahali ambapo mashua ziliweza kufika kwa mfereji kutoka Mto Nile. Lililosalia vizuri kuliko yote ni la Khafre, mfalme wa nasaba ya 4, pale Giza, ubavuni mwa Sphinx, ile sanamu kubwa ya simba mwenye kichwa cha mtu. Kiini cha kuta zake ni mawe makubwa ya chokaa, na kwa ndani zimevikwa graniti nyekundu iliyosafirishwa kwa mto kutoka Aswan, mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Katika ukumbi wake mna nguzo 16 za mraba zisizo na nakshi hata kidogo, na kandokando ya kuta sakafuni yamebaki mashimo ya kusimamishia sanamu 23 za mfalme aliyeketi. Mwaka 1860 mwanaakiolojia Mfaransa Auguste Mariette alikuta ndani ya shimo la hekalu hilo sanamu ya Khafre ya jiwe gumu la kijivucheusi, mwewe akiwa amekikumbatia kisogo cha mfalme kwa mbawa zake. Kwangu mimi hakuna chumba kingine cha Misri ya kale kinachoonyesha utulivu wa mamlaka kama kile.

Kutoka hapo njia ya maandamano hupanda hadi uwandani. Tusiifikirie kama barabara ya wazi, kwani ilikuwa ushoroba wenye kuta pande zote mbili na paa juu. Ile ya Khafre ina urefu wa karibu mita 500, nayo imekwenda mshazari kwa sababu wajenzi walifuata mgongo wa mwamba. Ya Unas, mfalme wa nasaba ya 5, kule kwenye makaburi ya Saqqara, inazidi mita 700, na katikati ya paa lake uliachwa mwanya mwembamba uliopitisha mwanga, ukamulika michoro iliyochongwa ukutani. Mojawapo inaonyesha mashua zilizobeba nguzo za graniti kutoka kusini, nguzo zilizokusudiwa kwa majengo ya mfalme huyohuyo, kiasi kwamba aliyepita pale alitazama habari ya ujenzi huku akielekea kwenye jengo lenyewe.

Njia huishia kwenye hekalu la maziko, upande wa mashariki wa piramidi. Hapa ndipo ramani inapohitaji subira. Kuanzia wakati wa Khafre hekalu hili huwa na ukumbi wa kuingilia, ua wa wazi wenye nguzo, vyumba vitano vyembamba vya sanamu vilivyopangwa safu moja, maghala, na patakatifu pa ndani. Nikivichora vyumba hivyo vitano ubaoni huviita zidaka, maana aliyeona zidaka za ukutani katika nyumba za Lamu huelewa mara moja kazi ya nafasi iliyochimbwa ili kuheshimu kitu kinachowekwa ndani yake, ingawa hizi za Misri ni kubwa kiasi cha kutosha sanamu ya mfalme. Safu hiyo ndiyo mpaka: mbele yake ni ua, nyuma yake ni ukumbi wa sadaka, na katika nasaba ya 5 ukuta wa magharibi wa ukumbi huo hubeba mlango wa bandia, jiwe lililochongwa kwa umbo la mlango usiofunguka, ambapo mfalme aliaminiwa kutoka piramidini ili apokee chakula.

Piramidi yenyewe huzungukwa na ukuta wa boma, na kusini au kusini-mashariki husimama piramidi ndogo isiyo ya mazishi ya mtu, ambayo wataalamu bado wanaijadili. Mimi naelekea kwa wanaoihusisha na ka, nguvu ya uhai ya mfalme. Mlango wa kuingilia kaburini huwa kaskazini, ukielekea nyota zisizotua. Mpangilio huu haukuwapo tangu mwanzo. Djoser, katika nasaba ya 3, aliliweka hekalu lake kaskazini ndani ya boma la mita 544 kwa 277, na mhimili wa mashariki-magharibi ukaja na Sneferu, mfalme wa kwanza wa nasaba ya 4.

Eneo hili lilijengwa litumike kila siku baada ya maziko, na hilo tunalijua kwa mafunjo, yaani maandishi kwenye karatasi za matete, yaliyopatikana Abusir mwaka 1893, katika hekalu la Neferirkare, mfalme wa nasaba ya 5. Humo mna orodha za zamu za makuhani na hesabu za vyombo, hata chombo kilichopata ufa kikaandikwa kuwa kina ufa.

Jirani yake, katika hekalu la Sahure, mfalme mwingine wa nasaba hiyo, yapo mabeseni ya mawe yaliyovikwa shaba kwa ndani, yakiwa na vizibo vya madini ya risasi vilivyofungwa kwa mnyororo wa shaba. Kuhani alipomaliza ibada alizibua, maji yakaingia kwenye bomba la shaba iliyofuliwa, lililolazwa ndani ya mfuo uliochongwa kwenye mawe chini ya sakafu. Bomba hilo, lenye urefu wa zaidi ya mita 380, lilipita chini ya hekalu, likafuata njia ya maandamano, likayateremsha maji hadi bondeni.