Goti Likivimba, Usilikande

Wiki hii tena. Kijana wa miaka 34, ana hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, tangu utotoni, kaja kliniki kutoka Mbagala akichechemea, goti limejaa kama dafu. Umefanya nini? "Nimekandwa maji ya moto, daktari, nikachuliwa, halafu duka la dawa wakanichoma diklofenaki. Leo siku ya tatu."

Watu wanaamini kwamba damu isipoonekana, mtu havuji. Basi goti likiuma ni baridi yabisi. Jamani! Mwenye hemofilia kali, faktari yake, yaani protini ya kugandisha damu, ikiwa chini ya asilimia 1 ya kawaida, huvujia ndani ya goti, kiwiko au kifundo cha mguu hata bila kujigonga popote. Joto linatanua mishipa. Kuchua kunabandua kidonge cha damu kilichoanza kushika. Diklofenaki, dawa ya maumivu, inadhoofisha chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kuziba jeraha, na sindano yenyewe inafungua uvujaji mwingine kwenye msuli wa kalio. Huyu kijana kaumizwa mara nne na watu waliomtakia mema. Damu ile ikijirudia inakula gegedu, ile mfupa laini ya kwenye kiungo, na goti halikunjuki tena.

Kiungo huanza kuwasha kwa ndani au kuwa kizito kabla hakijavimba. Dalili hiyo unaijua wewe kabla yangu, na hapo hapo ndipo pa kuchoma faktari, hata kama ni saa nane usiku. Ukiwa mbali nayo, funga barafu kwenye kanga, weka dakika 15 hadi 20, inua mguu, kisha njoo. Maumivu, meza parasetamoli. Huna friji? Mjue jirani anayeuza barafu, na yeye ajue kwamba unaweza kumgongea usiku.

Na mengine ninayoyasikia: "Ukijikata na wembe umekwisha." Hapana, damu haitoki kwa kasi kuliko ya mwingine, inachelewa kukoma tu. Bana kidonda.

"Wanawake haiwahusu." Baba mwenye hemofilia huwapa vinasaba hivyo mabinti zake wote, na baadhi yao faktari hushuka. Binti anayemwaga hedhi nyingi, au anayekaribia kujifungua, apimwe.

"Kwetu haipo." Takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote kwenye ukoo. Msimsakame mama kwamba ndiye aliyeileta.

Na jino: njoo kabla hujang'oa. Kuna dawa ya kukuandaa, na nataka niongee na daktari wa meno mwenyewe.