Je, wajua? Kwa nini mbwa wa mkokoteni wa maziwa ni mpole hivi kwa watoto

Mbwa huyo ni Berner Sennenhund, aina ya mbwa wa Uswisi. Dume husimama sentimita 64 hadi 70 begani, na kilo 50 kwake si jambo la ajabu. Mgeni akibisha hodi humwona kwanza ukubwa wake. Watoto wa nyumba hiyo humwona mto wa kulalia. Upole huo ameupata wapi?

Ameupata kazini. Katika mashamba ya jimbo la Bern, Uswisi, mkulima mdogo hakuweza kufuga mbwa kwa kila kazi, na wengine hawakuwa na farasi kabisa. Mbwa huyohuyo alilinda boma, akaswaga ng'ombe, kisha akafungwa mikanda kifuani avute mkokoteni wa maziwa hadi kwa watengeneza jibini wa kijijini.

Kwangu mimi, mkokoteni ndio uliomfinyanga zaidi. Mbwa wa maziwa hupita katikati ya watu, kuku na mbwa wenzake. Akikurupuka kumfukuza paka, maziwa yote chini! Mkali asiyezuilika hakufaa, wala mzururaji. Waliofaa ndio waliozalishwa. Mlinganishe na mbwa wa kulinda kondoo milimani: yule hushinda na kundi bila mtu na hujiamulia mwenyewe, ndiyo maana ukimleta sebuleni anaweza kukusumbua. Wa Bern alizoea miguu ya watu tangu mdogo.

Zamani aliitwa Dürrbächler, kwa jina la kitongoji cha Dürrbach, karibu na Riggisberg. Mbwa wa kigeni walipoanza kupendwa alikaribia kusahaulika, mpaka wafugaji wa mji wa Burgdorf walipounda chama chake mwaka 1907. Aliyewapigia debe sana ni Albert Heim, ambaye, cha kuchekesha, alikuwa profesa wa jiolojia.

Tabia za kazi hazijamtoka. Hupenda kukuegemea kwa uzito wake wote, na mtoto mdogo anaweza kujikuta sakafuni bila ugomvi wowote, kwa hiyo mtu mzima awe karibu. Manyoya hupukutika kila kona, na joto humtesa. Matembezi ni alfajiri au jioni.

Gumu zaidi ni umri. Saratani huwaandama sana mbwa hawa, na wengi huishi miaka 7 au 8 tu. Mtoto anayeletewa mmoja akiwa na miaka minne huenda akamzika kabla hajamaliza shule ya msingi.