Mkurugenzi Anayeuliza Asili

Tangu mkurugenzi wetu atangaze kwamba anastaafu, kila ninayekutana naye koridoni ana mtu wake kichwani. Mmoja anataka daktari bingwa, kwa kuwa wizara na hospitali humsikiliza daktari. Mwingine anataka mtu anayejua kuvuta fedha za wafadhili. Wa tatu anasema taasisi imekuwa kubwa, ina maabara, magari, wahojaji na mikataba isiyohesabika, kwa hiyo atafutwe meneja hasa, na mambo ya kitaaluma waachiwe maprofesa idarani. Nimefanya kazi ya takwimu katika taasisi hii ya chuo kikuu ya utafiti wa afya ya jamii kwa zaidi ya miaka ishirini. Kamati ya uteuzi imeniomba maoni, nami nimeona niyaandike kwa kirefu.

Ninataka mtu ambaye utaalamu wake unafanya kazi kabla mhojaji wa kwanza hajabisha hodi kwenye mlango wa kwanza. Data zikishakusanywa, sisi watu wa takwimu tunaweza kusafisha, kupima, kukisia kilichokosekana, lakini swali lililoulizwa vibaya hatuna dawa yake. Nafasi ya kulinyoosha hupita mapema sana, kwenye kikao ambacho watu wengi hukiona cha kawaida, pale andiko la utafiti linapokuwa bado ni kurasa chache zenye nafasi za kujaza.

Nilijifunza hilo nikiwa mgeni kazini. Nilikuwa nimekesha siku kadhaa nikipanga jedwali la watoto walioletwa vituoni wakiharisha, eneo kwa eneo. Eneo moja lilikuwa limeyapita mengine kwa mbali, na barua ya kushauri msaada upelekwe huko ilikuwa imeshaandikwa, bado sahihi tu. Mkurugenzi wa wakati huo, profesa wa epidemiolojia, yaani fani inayochunguza magonjwa yanavyoenea miongoni mwa watu, aliivuta karatasi yangu, akachukua penseli, akachora mstari mfupi chini ya kila namba. Chini ya mistari akaacha peupe. Kisha akanisogezea karatasi.

"Mwanangu, umeniletea kiasi. Asili iko wapi?"

Alikuwa anazungumzia hesabu za sehemu tulizofundishwa shule ya msingi, kiasi juu, asili chini. Idadi ya wagonjwa haisemi kitu mpaka ujue wametoka miongoni mwa watu wangapi, na hao watu walikuwa na njia gani ya kuonekana na kuhesabiwa. Nilirudi kwenye rejista. Eneo lile lililoongoza ndilo pekee lililokuwa na kituo kilichofunguliwa kila siku. Kwingine mganga alikuja mara moja kwa wiki, na mtoto aliyeugua siku nyingine hakuandikwa popote. Msaada ungekwenda palipokuwa na huduma tayari, na watoto wasioandikwa wangeendelea kutoandikwa. Barua haikutiwa sahihi. Tulitumia miezi kadhaa kupita nyumba kwa nyumba kuhesabu watoto wote, wazima na wagonjwa, ndipo tukaanza upya.

Profesa yule hakuwa anajua matokeo kuliko mimi. Data nilikuwa nazo mimi. Yeye alijua pa kugusa. Meneja mzuri angeniuliza kama kazi imekamilika kwa wakati, na ningemjibu ndiyo.

Historia ya fani yetu ina mifano ya namna hii, na ninaoupenda zaidi ni wa Austin Bradford Hill wa London. Alitaka kuwa daktari, lakini kifua kikuu alichopata wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kilimzuia. Akasomea uchumi kwa njia ya posta, akaingia kwenye takwimu, hatimaye akawa profesa wa takwimu za tiba katika London School of Hygiene and Tropical Medicine. Streptomaisini, dawa ya kifua kikuu, ilipopatikana kwa uchache usiotosha wagonjwa wote, yeye ndiye aliyesimamia mpangilio wa jaribio lililochapishwa mwaka 1948, ambamo nani apewe dawa na nani abaki na matibabu ya kulala kitandani iliamuliwa kwa bahati nasibu, uamuzi wa kila mgonjwa ukiwa umefungwa ndani ya bahasha. Hakuna daktari aliyeweza kumchagulia dawa mgonjwa aliyemhurumia au aliyemwona ana nafasi ya kupona.

Kisha yeye na daktari mtafiti Richard Doll wakageukia saratani ya mapafu. Doll alianza akidhani lami za barabarani ndizo chanzo. Data za wagonjwa wa hospitali za London, zilizochapishwa mwaka 1950, zikaelekeza kwenye sigara, na Doll mwenyewe akaacha kuvuta. Lakini wagonjwa wa hospitali wana tatizo lilelile la jedwali langu, maana hujui vizuri wametoka miongoni mwa akina nani. Mwaka 1951 wakawaandikia madaktari wa Uingereza dodoso fupi kuhusu uvutaji wao, na zaidi ya 40,000 wakajibu. Kwa nini madaktari? Sababu mojawapo ni kwamba daktari yumo kwenye rejista ya taaluma yake. Akihama utampata, akifa utajua. Asili ilikuwa imeandikwa tayari, mtu kwa mtu, kabla ya kifo cha kwanza kuhesabiwa. Madaktari wale walifuatiliwa kwa miaka 50, na matokeo ya mwaka 2004 yakaonyesha kwamba wanaume waliovuta sigara maisha yao yote walikufa wastani wa miaka 10 mapema kuliko wasiovuta.

Anayetaka daktari bingwa kwa sababu tu ni daktari amkumbuke Hill. Sisemi daktari asiwe mkurugenzi. Nimefanya kazi chini ya madaktari wawili walioijua epidemiolojia kwa undani, na ujuzi wao wa wodini ulitusaidia kila siku. Ninachosema ni kwamba cheti cha udaktari hakimfundishi mtu kuuliza asili. Mgonjwa anakuja kwa daktari, hapo kazi inaanza. Kwetu kazi inaanza kwa yule ambaye hakuja.

Jambo la pili ni kulinda kitu kisichozaa haraka. Utafiti wa moyo wa Framingham, huko Massachusetts, ulianza mwaka 1948 kwa watu 5,209 na ulipangwa udumu miaka 20. Muda ulipokaribia kwisha, serikali ya Marekani ikataka kuufunga. Thomas Dawber, aliyekuwa ameuongoza kwa miaka mingi, alikuwa ameshahamia Chuo Kikuu cha Boston, akazunguka kutafuta michango ya watu binafsi ili usife, na mwaka 1971 chuo hicho kikaingia mkataba wa kuuendesha. Mwaka huohuo ukaanza kuandikisha watoto wa wale wa kwanza. Nikiangalia uamuzi ule kwa jicho la mhasibu, naona mradi uliomaliza muda wake. Ilihitajika mtu anayejua kwamba watu waliopimwa kwa miaka 20 wana thamani kubwa zaidi katika mwaka wa 21, kwa kuwa sasa ndipo wanapoanza kuugua na vipimo vyao vya ujanani viko kabatini. Huwezi kumwajiri mshauri akakuambia hilo kwenye kikao cha nusu siku.

Hapa ndipo fedha zinapoingia, nami nitazitaja kwa ufupi. Mkurugenzi lazima azitafute, na aliye mzembe kwa hilo atatuumiza wote. Lakini niliwahi kumwona mkurugenzi akirudisha ofa kubwa ya mfadhili aliyetaka tuonyeshe ndani ya mwaka mmoja badiliko ambalo mwilini huchukua miaka. Vijana walinung'unika, mimi nikiwemo, kwa kuwa mikataba yetu ilikuwa inakaribia kuisha. Alituita, akatuchorea ubaoni ugonjwa ule unavyokua, hatua kwa hatua, akaonyesha kwamba mwaka wa kwanza kungekuwa na kelele tupu za takwimu, namba zinazopanda na kushuka kwa bahati tu. Hatukuwa na la kujibu. Miezi minne baadaye aliandika andiko jingine, la muda mrefu zaidi na la fedha kidogo zaidi, likapita.

Sasa niseme jambo linalonikera, kwa sababu ndilo linalosahaulika kila kiongozi mpya anapotafutwa. Taasisi hizi zinabebwa na watu ambao majina yao hayaonekani kwenye makala. Wapo wahojaji, wataalamu wa maabara, makarani wa rejista, na zaidi ya wote waratibu wa data. Nitatoa mfano mmoja wa kazi yao. Kwenye dodoso, mtu asiyejua umri wake huandikiwa 99. Mwanafunzi wa uzamivu alichukua faili la zamani, akapiga hesabu, akagundua kwamba wazee wenye miaka 99 wana afya ya kushangaza. Sura nzima ya tasnifu ilikuwa imeshaandikwa. Mratibu wetu wa data, mama aliyekuwepo tangu madodoso yakijazwa kwa kalamu, alisoma ukurasa mmoja tu, akacheka kwa upole, akamwambia, "Hao si wazee, mwanangu. Hao ni watu ambao hatukuwauliza vizuri." Halafu akaongeza jambo ambalo halikuandikwa kwenye mwongozo wowote, kwamba katika duru ya pili namba hiyohiyo ilitumika pia kwa waliokataa kujibu.

Mkataba wa mama yule ulikuwa wa mradi, kama ilivyo kwa wengi wao. Mradi ukiisha, naye huondoka, na anachokijua huondoka naye. Mkurugenzi aliyetoka kwenye utafiti wenyewe anaelewa kwa nini sehemu ya gharama za uendeshaji zinazokatwa kwenye kila ruzuku ilipe mishahara ya watu hawa kati ya mradi na mradi. Kwa asiyeelewa, ni watu wasio na kazi kwa miezi mitatu. Nimeyaona yote mawili. Pale walipoachwa waende, tulitumia mwaka mzima kujaribu kusoma mafaili yetu wenyewe.

Niliposema utaalamu, sikusema mtaalamu aachwe peke yake. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia mwaka 1932, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 waliokuwa na kaswende na wengine 201 wasiokuwa nayo, bila kuwaambia ukweli. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida, hawakupewa. Mfanyakazi mmoja wa idara hiyo, Peter Buxtun, alilalamika kwa maandishi katika miaka ya 1960. Mwaka 1969 jopo la wataalamu likaketi, likaupitia utafiti, likaamua uendelee. Uliendelea hadi mwaka 1972 magazeti yalipoufichua. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, ya Marekani kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, ambayo misingi yake tunaitumia kwenye fomu za ridhaa hadi leo, ilitokana na aibu ile.

Huwa nalirudia jambo la mwaka 1969 kila ninapofundisha kozi ya maadili. Watu walioketi pale hawakuwa wajinga wa kaswende. Walijua ugonjwa, walijua dawa. Waliuona utafiti kama hazina ya data isiyopaswa kupotea, hoja ambayo, nikiwa mkweli, inafanana kwa sura na ile niliyoisifu hapo juu kuhusu Framingham. Tofauti iko kwa watu wenyewe. Wa Framingham walijua wanachopimwa, na matibabu hawakunyimwa. Kwa hiyo mkurugenzi ninayemtaka awe ameshawahi kusimamishwa na kamati ya maadili na akatii, tena bila kuitafutia kamati njia ya kuizunguka. Na kamati hiyo iwe na watu wasio watafiti, wanaoruhusiwa kuuliza maswali ya kawaida kabisa, kama vile: huyu mtu akiugua katikati ya utafiti wenu, nani atamtibu?

Kuhusu machapisho, sitaki kamati ihesabu makala. Mwenye makala nyingi huenda aliwekwa jina kwa kuwa ofisi ni yake. Masharti ya uandishi yanayofuatwa na majarida ya tiba yanamtaka mwandishi awe amechangia kazi yenyewe, ameshiriki kuandika au kuhakiki kwa kina, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika. Cheo hakimo kwenye orodha hiyo. Afadhali waangalie wanafunzi aliowasimamia wako wapi leo, na kama majina yao yametangulia lake.

Kwa hiyo nimeiandikia kamati maombi matatu. Kila mwombaji alete andiko la utafiti alilolizuia lisiendelee, pamoja na maelezo ya sababu. Alete kosa lake moja lililochapishwa na barua aliyoliandikia jarida kulisahihisha. Na siku ya usaili apewe jedwali asilolijua, lenye hesabu za wagonjwa peke yake, aachwe nalo dakika kumi, kisha aulizwe angependa kujua nini kabla hajasema neno. Ombi la tatu limekubaliwa. Usaili ni mwezi ujao, na nimeomba mratibu wa data awe miongoni mwa watakaokaa upande wa kuuliza. Bado nasubiri jibu la hilo.