Kabla ya kununua hedifoni, sikiliza kwanza nyimbo zako

Kila wiki kuna mtu ananiuliza: "Fundi, hedifoni gani ya bei nafuu ni nzuri?" Nami humrudishia swali: unasikiliza muziki gani? Wengine hudhani nawakwepa. Sivyo. Hedifoni ya bei ndogo haiwezi kila kitu, ila nyingi zina jambo moja zinalolifanya vizuri sana. Kazi ni kuipata ile ambayo jambo lake ndilo muziki wako unalolitaka.

Bei yenyewe haitakusaidia sana. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, za bei ya chini hadi za bei ya juu kabisa, na hakuona uhusiano kati ya bei na namna hedifoni inavyogawa sauti nene, za kati na nyembamba. Pesa ya ziada mara nyingi huenda kwenye uimara, ngozi laini, kuzuia kelele za nje, na jina. Nami nimeshika hedifoni nyingi katika kazi ya kurekodi na kuchanganya muziki, na hilo nimeliona kwa masikio yangu.

Maandishi ya kwenye boksi nayo yasikushughulishe. "20 Hz hadi 20,000 Hz" (Hz, yaani hezi, ni mitetemo kwa sekunde: namba ndogo ni sauti nene, kubwa ni nyembamba) ni upeo wa usikivu wa kijana mwenye masikio mazima, na karibu kila kiwanda huuandika. Hauelezi kama sauti ya 40 Hz inatoka na nguvu sawa na ile ya 3,000 Hz, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Tuanze na wapenzi wa besi: hip hop, reggae, amapiano, dansi za kielektroniki. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne hutoa 41 Hz, na besi za kompyuta hushuka chini ya hapo. Hedifoni nyingi zinazotangazwa kuwa na besi nzito hazifiki huko kwa nguvu. Zimevimbishwa kuanzia 100 hadi 250 Hz, ndiyo maana zinanguruma tu na kumfunika mwimbaji. Kuna jaribio moja ninalolipenda: weka wimbo unaoujua, kisha jaribu kuimba mstari wa besi kwa mdomo. Ukiweza kuufuata noti kwa noti, hiyo ni besi ya kweli. Ukisikia mdundo mmoja tu unaojirudia, rudisha.

Lakini usiilaumu hedifoni kabla hujahakikisha imeziba. Iafoni, ile ndogo ya kuingiza sikioni, ikiacha upenyo kidogo tu, besi yote hutorokea hapo. Jaribu vipira vyote vilivyomo kwenye boksi, na usishangae sikio la kulia likihitaji saizi tofauti na la kushoto. Kisha ibonyeze taratibu kwa kidole: besi ikiongezeka ghafla, ilikuwa haijaziba. Wanaovaa miwani wana shida hiyohiyo kwa hedifoni kubwa, kwa sababu mkono wa miwani huinua sponji. Nimeona watu wakitupa hedifoni nzuri kwa kosa la kipira.

Sasa muziki wa sauti za watu, ambao ndio ninaoupenda kuliko wote: taarabu, rumba, kwaya, nyimbo za gitaa moja na mwimbaji. Hapa kila kitu kinaishi katikati. Msingi wa sauti ya kuzungumza ya mwanamume ni kama 85 hadi 180 Hz, na ya mwanamke 165 hadi 255, lakini kinachofanya maneno yaeleweke kiko kati ya 2,000 na 5,000 Hz. Njia ya sikio lenyewe huongeza nguvu karibu na 3,000 Hz. Hedifoni ikizama hapo, mwimbaji anasikika kama anaimba chumba cha pili. Ikipanda mno, kila "s" na "sh" inachoma. Na katika taarabu, vyombo kama fidla, kanuni, udi na akodiani vyote vinagombea nafasi hiyohiyo. Hedifoni iliyovimba besi inavikoroga viwe kitu kimoja. Niliwahi kuchanganya wimbo wa kwaya kwa hedifoni ya namna hiyo. Nikapunguza besi, nikapunguza tena, nikaridhika. Tulipoucheza kwenye spika kubwa, wanaume wa kwaya walikuwa wametoweka. Tangu hapo kwa muziki huu natafuta sauti za kati kwanza.

Ukiwa unasikiliza mahali tulivu, fikiria hedifoni zilizo wazi mgongoni, yaani upande wa nje wa vikombe vyake haujazibwa. Kampuni ya Sennheiser ilizianzisha sokoni kwa modeli ya HD 414 mwaka 1968, na hadi leo muundo huo huipa sauti nafasi, vyombo vikatawanyika badala ya kusongamana kichwani. Hasara zake: besi ya chini kabisa hupungua, na jirani yako anasikia kila kitu. Kwenye basi hazifai. Katika za bei nafuu, Koss Porta Pro ya mwaka 1984 bado inatengenezwa, nyepesi, ya sponji, na joto lake la besi linapendeza kwa rumba na rekodi za zamani.

Kwa roki na metali nina neno moja: matoazi. Yakisikika kama mchanga unaomwagwa, utachoka ndani ya nusu saa.

Angalia pia omu, kipimo cha ukinzani wa umeme wa hedifoni. Kwa simu, 16 hadi 32 zinatosha. Yenye 250 mara nyingi itakuwa dhaifu bila amplifaya. Na kwa bei ileile, ya waya kwa kawaida hunipa sauti bora kuliko ya Bluetooth, kwa sababu hakuna betri wala kipokezi cha kulipia. Kasoro ndogo rekebisha kwa ikwaliza ya simu (sehemu ya kupandisha au kushusha sauti nene, za kati na nyembamba), kwa kushusha kilichozidi badala ya kupandisha kilichopungua: kushusha desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) karibu na 200 Hz kumeokoa hedifoni nyingi.

Unapolinganisha mbili, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti, maana inayopiga juu kidogo huonekana bora hata kama siyo. Kisha punguza sana, uone kama maneno bado yanaeleweka. Kwa watu wazima, Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Hedifoni inayokulazimisha kupandisha ili umsikie mwimbaji, iache palepale dukani.