Kuhakiki si kuponda

Juzi nilikuwa naosha vyombo huku nikisikiliza podikasti ya vijana watatu wanaozungumzia vitabu na filamu. Mazungumzo yalikuwa matamu. Walikuwa wanailinganisha riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyotoka 1999, na filamu ya jina hilo hilo aliyoiongoza Amil Shivji na iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Kabla hawajaanza, mwenye kipindi akatoa angalizo: "Jamani, leo hatuhakiki. Sisi ni mashabiki tu, hatukuja kuponda kazi ya mtu." Wenzake wakaitikia.

Nikaiacha sufuria kwenye sinki, nikarudisha nyuma nisikie vizuri, maana si mara ya kwanza. Kwenye kipindi kingine nilimsikia mtu akisema filamu fulani "ameihakiki mpaka imebaki mifupa", akimaanisha ameichanachana. Na yupo aliyeita "uhakiki" dakika arobaini za kusimulia kisa kutoka mwanzo hadi mwisho, bila hata kutuonya sisi ambao hatujaiona filamu.

Maana yenyewe si ndefu. Kuhakiki kazi ya sanaa ni kuisoma au kuitazama kwa makini, kisha kueleza imeundwaje, inasema nini, imefaulu wapi na imepwaya wapi, na kila unalolisema ulitolee ushahidi ndani ya kazi yenyewe. Basi. Awe mtu ana shahada au hana, awe anaandika jaridani au anaongea kwenye maikrofoni chumbani kwake, akifanya hivyo ni mhakiki. Kusimulia kisa ni muhtasari. Kusema "nendeni mkaione, ni moto" ni pendekezo, na mapendekezo yana faida yake. Kusema "ni takataka" bila kuonyesha kilichooza kiko wapi, huko ndiko kuponda.

Ila neno lenyewe linanihuzunisha linavyotendewa, kwa sababu ukilifuata lilikotoka unakuta limebeba kinyume kabisa cha hicho watu wanachokiogopa.

Mzizi wake ni wa Kiarabu, ule ule uliotupa haki na hakika. Hakika ni jambo lisilo shaka. Hakiki, likiwa kivumishi, ni kitu cha kweli kisichoghushiwa. Likiwa kitenzi, ni kulifuatilia jambo mpaka ukweli wake uthibitike. Kuhakikisha nalo ni tawi la shina hilo, na tunalitumia kutwa, hakikisha umefunga gesi, hakikisha mtoto amekula, wala hakuna anayeshtuka. Wataalamu wetu wa fasihi walilichukua shina hilo kwa namna mbili. Wapo waliosema uhakiki, kama Kyallo Wadi Wamitila katika kitabu chake cha 2002, Uhakiki wa Fasihi: Misingi na Vipengele Vyake. Na wapo walioshika umbo lililo karibu zaidi na Kiarabu, kama F.E.M.K. Senkoro aliyekiita kitabu chake cha 1988 Ushairi: Nadharia na Tahakiki.

Mimi moyo wangu uko kwa tahakiki, na sababu yake ni ya madrasa. Waliosoma Kurani kwa mwalimu wanajua kwamba kuna usomaji wa haraka, hadri, kuna wa wastani, na kuna wa polepole kabisa unaoitwa tahkiki. Huu wa polepole ndio wa kufundishia. Ndani yake kila herufi hupewa haki yake: inatokea panapostahili kinywani, inavutwa kadiri inavyostahili kuvutwa, inasimamishwa pa kusimama. Mwalimu wangu alikuwa akinirudisha kwenye aya moja mara kumi. Hakuwa ameichukia sauti yangu, wala hakuwa anaikosoa aya. Kulikuwa na herufi niliyokuwa naidhulumu kwa haraka zangu, na yeye alitaka ipate stahili yake kabla hatujasonga.

Hilo ndilo ninalolisikia ndani ya neno tahakiki kila linapotajwa. Mtu anarudi kwenye sura ya riwaya, au kwenye tukio la filamu, polepole, mpaka kila kilichomo kimepata haki yake. Msifiaji wa haraka anaidhulumu kazi sawasawa na mpondaji wa haraka, kwa kuwa wote wawili wamepita mbio.

Cha ajabu ni kwamba Waarabu wenyewe, wanapozungumzia uhakiki wa fasihi, hawatumii neno hili. Kwao tahkiki ni kuthibitisha jambo, au kuupitia mswada wa kale na kuulinganisha nakala kwa nakala mpaka upatikane usomaji ulio sahihi. Uhakiki wa fasihi wao huuita naqd, na neno hilo lilitoka kwa wabadili fedha: aliyeweza kuichukua dirhamu, kuigeuza, kuigonga na kusema hii ni ya kweli na hii ni ya bandia, alikuwa anafanya naqd. Katika karne ya 10 Qudama bin Jaafar tayari alikuwa ameliweka neno hilo kwenye jina la kitabu chake kuhusu ushairi. Sisi neno hilo tunalo pia, lakini tulilipokea kutoka upande wa dukani, ndiyo nakidi, fedha taslimu. Kwa hiyo wao walimpa mhakiki wao neno la mizani na sarafu, sisi tukampa wetu neno la haki. Naona tulichagua vizuri, na ndiyo maana nasikitika tunapolitumia kama rungu.

Hofu nadhani naijua ilikoanzia, angalau kwa Tanzania. Kwa watu wengi neno uhakiki halikuwafikia kupitia fasihi. Liliwafikia kupitia ofisi. Mwaka 2017 ulipokamilika uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na nyumba nyingi zililijua neno hilo kwa mara ya kwanza kupitia mshahara uliokatika. Kukawa na uhakiki wa watumishi hewa, uhakiki wa laini za simu, uhakiki wa wastaafu. Neno likaanza kunuka msako. Sishangai basi kijana aliyekulia ndani ya habari hizo akisikia "tuhakiki filamu" anahisi kuna mtu anakwenda kufukuzwa.

Lakini hata katika matumizi hayo ya ofisini, kuhakiki hakukuwa kupata hatia. Kulikuwa kuchukua cheti na kukilinganisha na kumbukumbu zilizopo. Watumishi wengi zaidi vyeti vyao vilikutwa halali, na wao pia walihakikiwa. Kwao uhakiki ulikuwa uthibitisho kwamba walichokisema kuhusu nafsi zao ni kweli. Riwaya nzuri ikihakikiwa hutoka hivyo hivyo, uzuri wake ukiwa umethibitishwa na watu wanaojua kwa nini ni nzuri.

Nikilitetea neno kuhakiki watu hunijibu, "Sawa, basi tuseme hatukosoi." Hapo tena napata kazi ya pili, kwa sababu kukosoa nako kumeonewa. Tazama lilivyoundwa. Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, tega, tegua. Kitenzi chenye o ndani yake kinachukua -oa badala ya -ua, kama choma na chomoa. Sasa weka kosa na kosoa pembeni yake. Umbo ni lile lile. Anayekosa amefanya kosa, anayekosoa analitendua. Ndani ya neno lenyewe mna kurekebisha, kama mwalimu anayesahihisha daftari ili mwanafunzi asirudie. Kukosoa bila nia ya kutengeneza hakulifikii neno hilo. Kwa hiyo kukosoa ni sehemu halali ya uhakiki, ile inayoshughulikia palipopwaya. Uhakiki wenyewe ni mpana zaidi, kwa kuwa unashughulikia na palipotimia.

Kuna pia uchambuzi, ambao wengi huuchukulia kuwa jina jingine tu la uhakiki. Mimi nimelelewa Pemba, na kwetu kuchambua ni kazi ya mikono kabla ya kuwa kazi ya vitabu. Msimu wa karafuu, mashada yakishaletwa kutoka shamba, watu hukaa jioni wakachambua: karafuu upande huu, makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule. Ndipo karafuu zianikwe. Kuchambua kwa maana hiyo ni kutenganisha kilichoshikana ili kila sehemu ionekane peke yake. Na makonyo hayatupwi. Yanauzwa, na kiwandani Wawi hukamuliwa mafuta. Mchambuzi wa filamu naye anatenganisha: hiki ni kisa, hii ni picha, huu ni muziki, hii ni lugha ya wahusika. Akishatenganisha amechambua. Akisema vinashikanaje na vina thamani gani, hapo amehakiki. Anayechambua tu ametuachia mafungu mawili mkekani bila kutuambia karafuu yenyewe ni ya daraja gani.

Shule imechangia hapa, nalisema bila chuki maana ndiyo iliyonipa fasihi. Tulifundishwa fani na maudhui kama orodha: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, falsafa, kisha muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Kwa mtihani ilitufaa. Lakini wengi tulitoka tukiamini kwamba ukishavitaja vyote umehakiki, na nasikia podikasti ambazo hadi leo zinaisoma orodha ile kichwani, kipengele kwa kipengele, msikilizaji asijue riwaya imemfanya nini msomaji wake.

Na ipo sentensi moja ambayo kila kipindi cha vitabu na filamu lazima kiitoe: "Kitabu ni kizuri kuliko filamu." Pengine ni kweli. Lakini riwaya na filamu hazilipi kwa sarafu moja. Msimulizi wa riwaya anaweza kukufungulia moyo wa mhusika na kukuambia alichokuwa anakiwaza usiku ule. Kamera haina mlango huo. Inalazimika kuupitisha moyo kwenye uso, kwenye mwanga, kwenye ukimya, kwenye wimbo unaosikika kutoka chumba cha pili. Anayetaka kuipa filamu haki yake aiulize imefanya nini na sarafu iliyo mkononi mwake, kisha ndipo aseme imepungukiwa na nini.

Sasa turudi kwa vijana wangu watatu, maana sikukizima kipindi. Dakika chache baada ya angalizo lile, mmoja akaeleza kwamba Yasmin wa riwayani, yule binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, anamjua kwa sababu amesimuliwa mawazo yake, ila wa kwenye filamu alimjua kwa anavyonyamaza, na akalitaja tukio lililomfanya aone hivyo. Wa pili akampinga. Yeye aliona mapambano ya Denge dhidi ya wakoloni, ambayo kitabuni yana nafasi ya kutosha, yamebanwa na muda, mpaka mapenzi yamebaki kubeba mzigo ambao siasa ilipaswa kuubeba. Wa tatu akamtetea Mwajuma, rafiki wa Yasmin. Nikasikia kurasa zikifunuliwa karibu na maikrofoni, mtu anatafuta mahali hasa palipoandikwa analolidai. Nilikaa chini, mikono ina povu bado.

Ndugu zangu, huo ulikuwa uhakiki, tena mzuri. Hamkumponda mtu. Mlitoa ushahidi, mkapingana juu yake, na kila mmoja akarudi kwenye kazi yenyewe badala ya kurudi kwenye hisia zake peke yake. Angalizo la mwanzo lilikuwa na nia njema, nalielewa, lakini kipindi kijacho mnaweza kuliacha. Semeni mmekuja kuhakiki, kisha endeleeni vile vile mlivyoendelea. Na yule aliyekuwa anatafuta ukurasa wa Denge, muda ulimkatiza kabla hajausoma. Aanze na ukurasa huo, kwani kitabu nimeshakitoa kabatini na nataka kufuatana naye mstari kwa mstari.